Cherehani Ikinyamaza

Cherehani ikinguruma, waliweza kupendana. Ikinyamaza, walirudi kwenye boriti.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chumba kile, ingawa hakuna aliyewahi kuitamka. Shangazi akikanyaga pedali, kelele ilijaa toka sakafuni hadi darini, na wale wawili mezani, vichwa vimeinamia karatasi moja, walipata nafasi ya kunong'onezana maneno mawili matatu ya moyoni. Shangazi akiinua mguu, chumba kilinyamaza ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo, na hapo ilisikika sauti ya msichana, kubwa kuliko ilivyohitajika:

"Kwa hiyo kani ya egemeo hili inakwenda juu."

"Inakwenda juu," kijana alijibu, akimeza mate.

"Juu wapi?" shangazi aliuliza bila kugeuka.

"Juu tu, mama fundi. Inabeba boriti."

"Haya. Ibebeni."

Na pedali ikaanza tena.

Chuoni msichana huyo walimwita Rula, kwa sababu ya rula ndefu iliyochomoza kwenye mkoba wake na kuwagonga watu mabega kila alipopanda ngazi. Alikuwa mwaka wa pili wa uhandisi wa ujenzi na alikuwa amefeli somo moja tu, statiki. Ni somo la vitu vilivyotulia: boriti, nguzo, fremu za madaraja, na kani zote zinazovishika visiende popote. Jumatatu alikuwa na mtihani wa marudio, na akifeli tena angerudia mwaka mzima.

"Mtu anasomea vitu visivyosogea, anafeli vipi?" shangazi alikuwa amemuuliza siku matokeo yalipotoka. "Vingekuwa vinakimbia, ningekuelewa."

Kijana naye, jina alilopewa na wazazi lilikuwa limeshasahauliwa. Siku moja mhadhiri aliinua karatasi yake mbele ya darasa akasema, "Bwana, umechora kani chungu nzima hapa. Mishale iko wapi? Hizi kani zinakwenda wapi, au zinatembeatembea tu?" Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia, na tangu hapo akawa Mshale, hata kwa wapishi wa kantini. Yeye pia aliwahi kuirudia statiki, na mara ya pili aliipasua vizuri hata mhadhiri akaisahihisha karatasi upya kuhakikisha. Sasa alikuwa mwaka wa tatu. Ndiyo maana shangazi alimkubali aje kumfundisha Rula, lakini kwa masharti yake mwenyewe: wasomee nyumbani, meza ile pale, mbele yake, na mlango umefungwa.

Mlango ule ulikuwa ukifungwa kwa ufunguo tangu wezi walipopita na vitambaa vya wateja. Wezi wenyewe walishasahaulika, lakini ufunguo ulibaki shingoni mwa shangazi, umefungwa kwenye ncha ya tepu anayopimia viuno vya watu. Madirisha yalikuwa na nondo. Kamba ilivuka chumba toka ukuta hadi ukuta, na juu yake zilining'inia nguo za harusi za watu wengine, pindo zake zikimgusa Rula nywele kila alipoinua kichwa. Pembeni ilisimama sanamu ya kujaribishia nguo, haina kichwa wala mikono. Siku nyingine Rula aliionea huruma. Siku nyingine aliionea wivu, maana angalau yenyewe haikuwa na mtihani.

Humo ndimo alimokulia, tangu mama yake alipofariki na baba yake akaenda kuoa mbali. Shangazi, dada wa baba, alimpokea, akamlaza chini ya meza ya kukatia nguo mpaka kitanda kilipopatikana, na hakuwahi kumnyima kitu isipokuwa mlango.

Alhamisi hiyo jua lilikuwa limepiga paa tangu asubuhi na chumba kizima kilinuka pasi. Cherehani iliponguruma, Mshale hakungoja.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Rula."

"Nitamwambia, nimesema."

"Jana ulisema leo. Leo unasema utamwambia. Injinia wa daraja anataka jina lako kabla ofisi hazijafungwa. Nimemganda yule baba kama kupe mpaka akakubali, sasa nimwambie nini? Kwamba mwenzangu anaogopa cherehani?"

Jumapili Mshale alikuwa anaondoka kwenda fildi, mafunzo ya kazini, kwenye daraja lililokuwa likijengwa juu ya mto mpana, safari ya kutwa kwa basi. Ilibaki nafasi moja ya mwanafunzi mwingine. Na Rula, siku cherehani ilipokuwa na kelele kuliko siku zote, alikuwa ameshasema ndiyo. Akimaliza mtihani tu angemfuata. Hakumtaka Mshale peke yake. Alitaka na ule mto, na upepo unaopiga juu ya nguzo ambazo hazijafunikwa, na kusimama mahali ambapo ukinyoosha mkono hushiki nguo ya mtu. Kila jioni alipolala aliuona mto huo, na kila asubuhi aliamka akatazama nondo za dirisha.

"Siogopi cherehani," alisema.

"Unaogopa nini?"

Alitaka kumjibu, lakini mguu wa shangazi ukainuka. Kimya kikaangukia meza.

Mshale hakukubali kunyamaza. Alikohoa, akashika penseli kama fimbo ya mwalimu.

"Tutazame boriti hii," alisema kwa sauti ya darasani. "Upande mmoja imepachikwa ukutani. Upande wa pili uko hewani, haushikwi na kitu. Swali: itakaa hivyo mpaka lini?"

"Kitabu hakijauliza hivyo."

"Mimi ndiye ninayeuliza."

Rula alimtazama. Macho ya Mshale yalikuwa na wekundu wa mtu ambaye hajalala, na bado yalimtazama kwa ule upole uliomponza tangu siku ya kwanza. "Ukuta ukiwa imara," alisema taratibu, "itakaa."

"Na boriti yenyewe ikichoka?"

"Boriti hazichoki." Alimkanyaga mguu chini ya meza.

"Zinachoka. Ni somo la mwaka wa tatu."

"La mwaka wa tatu halimhusu," shangazi alisema kule kwenye cherehani. "Mfundishe ya Jumatatu."

"Ndiyo, mama fundi."

Mara ya kwanza alipofika alikuwa amemsalimia, "Shikamoo, shangazi," na mama yule akamjibu, "Marahaba. Lakini mimi ni shangazi yake yeye. Wewe niite fundi kama wateja wengine." Tangu hapo hakuthubutu tena.

Pedali ikaanza. Safari hii Mshale alifundisha kweli, labda kwa hasira. Alichora fremu ya daraja, vipande vya chuma vilivyoungana pembetatu pembetatu, akamsukumia Rula karatasi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Mwanzoni hujui kipande kipi kinavutwa na kipi kinakandamizwa. Basi unajifanya vyote vinavutwa, unachora mishale yote hivyo, halafu unapiga hesabu. Jibu likija chanya, ulidhani sawa. Likija hasi, ujue kipande kile kinafanya kinyume cha ulivyodhani.

Rula alikokotoa kiungo cha kwanza vizuri. Cha pili kikaja hasi. Moyo ukamruka, mkono ukakimbilia kifutio.

Mshale aliuwahi mkono ule. Akaushika pamoja na kifutio chake, juu ya karatasi, na hakuuachia.

"Hapo ndipo ulipofelia," alinong'ona. "Ukiona hasi unapagawa. Unafuta mshale, unaugeuza, halafu unaibeba na ile hasi kwenye kiungo kinachofuata. Unakosea mara mbili. Ukipata hasi usiguse mchoro, Rula. Hasi ni jibu. Inakuambia tu kwamba ulidhani huyu anavuta, kumbe anasukuma."

"Inaniambia nimekosea."

"Inakuambia ulidhani. Kudhani si kosa."

Kiganja chake kilikuwa na joto, kimekwaruzika kwa vipimo vya karakana. Rula aliona aibu ya kufurahi namna ile huku mgongo wa shangazi uko pale pale. Kwa dakika nzima hakuna aliyefundisha wala aliyejifunza.

"Sikiliza," Mshale alisema, na sasa mnong'ono wake ulitetemeka. "Miezi yote hii nakupenda kwa ruhusa ya cherehani. Uzi ukiisha, nami nimekwisha. Siwezi kuendelea hivi. Leo, nikitoka mlango huu hujamwambia kitu, nitajua jibu. Sitakusumbua tena. Jumatatu utafaulu, najua, nitafurahi nikiwa huko huko. Lakini sitarudi kwenye meza hii."

"Unanitisha?"

"Nakuomba. Sijui kuomba vizuri, ndiyo maana inasikika hivyo."

Rula alitazama mgongo wa shangazi, ule mgongo mpana uliomkinga na mambo mengi, na tepu ikining'inia shingoni na ufunguo wake. Alijua maneno atakayoambiwa. *Nimekulea ili uwe injinia au ili ufuate mwanamume mtoni?* Alijua na jibu lake. Alifungua mdomo.

Dirishani pakagongwa.

"Fundi! Hodi humo! Nguo ya binti yangu?"

Alikuwa mama wa bibi harusi, mwanamke wa sauti kubwa aliyekwishakuja wiki iliyopita na wiki ile nyingine, sasa ameshika nondo kwa mikono miwili kama anayetaka kuzing'oa.

"Karibu, mama," shangazi alisema, mguu ukiwa bado juu ya pedali. "Imebaki pindo tu."

"Pindo! Hilo pindo lina urefu gani, fundi? Linaanzia hapa linaishia mpakani? Niletee niione."

"Mwanangu," shangazi alimwambia Rula, "mwonyeshe mama nguo yake."

Rula aliinuka, akapenya chini ya kamba, akaichukua ile nguo nyeupe kwenye cherehani. Akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha na kuishika mabegani ili ianguke vizuri.

Nguo iliachia. Upande mzima wa kiuno ulifunguka polepole mikononi mwake. Aliinamisha macho akaona mshono. Ulikuwa umenyooka vizuri sana, tobo baada ya tobo, kama siafu waliopita kwa mstari. Lakini ndani ya yale matobo hamkuwa na uzi. Aligeuza pindo: matobo. Mkono wa kushoto: matobo. Alitupa jicho kwenye cherehani. Sindano ilikuwa tupu, na ule uzi aliokuwa ameutunga mwenyewe asubuhi kabla ya kupika chai ulikuwa umekatika juu kabisa, unaning'inia.

Na shangazi alikuwa amegeuka. Alikuwa akitazama upande wa dirisha, lakini si usoni mwa Rula. Alitazama kando kidogo, kwenye pazia, akisubiri kusikia.

"Vipi, mbona umeikunja?" mama harusi alifoka. "Nipe niione!"

Rula aliikumbatia nguo kifuani. "Bado haijapigwa pasi, mama."

"Nani kakuuliza pasi? Lete hapa." Mkono ukaingia kati ya nondo.

"Samahani sana, mama." Ilikuwa sauti ya Mshale. Alikuwa ameinuka, ameshaona, maana upande uliofunguka ulielekea mezani. "Kosa ni langu. Niliweka vitabu vyangu juu yake, imekunjamana kama karatasi. Nimewachelewesha. Kesho asubuhi itakuwa tayari, nitaileta mwenyewe mpaka mlangoni kwako."

Mama harusi alimpima toka nywele hadi viatu. "Na wewe ni nani humu ndani?"

Swali liliingia chumbani na halikupata pa kukaa. Mshale alimtazama Rula. Rula alitazama nguo.

"Kesho asubuhi," mama harusi alisema mwishowe. "Isipofika, nitakuja na binti mwenyewe alie hapa dirishani mpaka majirani wajae." Akaondoka, viatu vyake vikisikika mpaka kona ya mtaa.

Ukimya uliofuata haukuwa ule wa kawaida. Hakuna aliyekumbuka boriti.

"Umeona," shangazi alisema.

"Uzi umekatika, shangazi."

"Najua."

"Umekatika tangu lini?"

"Leo? Mlipokuwa kwenye ile boriti ya kwanza."

"Na ukaendelea kukanyaga? Shangazi, nguo nzima haina uzi! Na jana? Na ile ya kijani uliyosema umeifumua kwa sababu mteja amenenepa?"

"Alikuwa amenenepa kweli." Shangazi alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Vidole vyake vilikuwa vikiitafuta ncha ya uzi hewani, vikipita kushoto kwake, vikipita kulia kwake. "Asubuhi unanitungia, nashona vizuri, mikono inajua kazi. Ukikatika ndiyo basi. Tundu la sindano silioni. Na sindano yenyewe siioni. Naisikia tu."

"Kwa nini hukuniita? Niko hapa, hatua mbili!"

"Nikuite mara ngapi? Uzi unakatika kila saa. Nikuite, uache hesabu, uje utunge, urudi, umeshasahau ulipofika. Halafu Jumatatu ufeli kwa sababu ya macho yangu?" Alisita, akaishika tepu shingoni. "Halafu tena, nikinyamaza, nyinyi mnanyamaza."

Penseli ya Mshale ilibingirika mezani na kuanguka chini. Hakuiokota.

"Mimi mtu mzima," shangazi alisema. "Mnadhani sijui kwamba boriti hainong'onezwi?"

Rula alihisi damu yote inapanda usoni. "Umesikia?"

"Kelele ni yangu, na masikio ni yangu. Nimesikia ya kutosha. Mto. Daraja. Nafasi moja imebaki." Alivuta pumzi. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Kila siku nakanyaga, najiambia leo atasema. Wewe kimya. Mguu umeniuma mpaka goti."

"Nilikuogopa!" Sasa machozi yalikuwa yakimtoka, ya hasira na ya kitu kingine. "Umenifungia humu tangu niko mtoto. Kila siku ufunguo, ufunguo. Wezi walipita lini, shangazi? Hata wao wameshazeeka! Nilidhani unanilinda nisiende popote. Nilidhani—"

Akaishia hapo. Alilisikia lile neno la kudhani likitoka kinywani mwake.

Shangazi aliinamisha kichwa. "Mwanzoni ilikuwa wezi kweli," alisema. "Siku hizi mlango ukiwa wazi, mtu akiingia sijui ni nani. Naona kivuli tu. Mteja, mwizi, jirani, wote sawa, vivuli. Nauliza nani, wananicheka, wanasema fundi amekuwa na maringo siku hizi, hata watu hawasalimii. Ukiwa umefungwa, najua aliyemo ni wewe. Ukitaka kutoka unaniomba ufunguo, najua umetoka." Akapangusa uso kwa kitambaa cha kufutia mafuta ya cherehani, kikamwachia mstari mweusi shavuni. "Nisiwe mwongo. Kidogo na wewe nilikufungia. Ulikuwa mrembo mapema mno. Lakini kidogo tu."

Rula alitazama mezani, kwenye fremu ya daraja, kipande cha pili, ile alama ya hasi aliyotaka kuifuta. Miaka yote hiyo alikuwa amejichora kama boriti na shangazi kama ukuta. Kumbe ukuta ndio uliokuwa umemwegemea yeye, kwa uzito wake wote, bila kutoa sauti, na yeye akilalamika tu kwamba hapa pamebana.

Shangazi alivua tepu shingoni. Akanyoosha mkono wenye ufunguo kuelekea pazia, mahali ambapo Rula hakuwepo.

"Chukua. Ofisi hazijafungwa. Nenda mkaandikishe hilo jina. Mimi nitatafuta binti wa jirani awe ananitungia uzi."

Rula alizunguka akaupokea. Ufunguo uligonga kitasa mara kadhaa kabla ya kuingia. Mlango ulifunguka. Hewa ya nje ikampiga usoni, ya vumbi na ya joto, lakini ya nje. Barabara ilikuwa pale pale, watu wakipita na mambo yao. Mshale alikuwa ameshabeba mkoba na kuvaa kofia, amesimama nje kwenye ngazi, uso ukimng'aa.

"Twende," alisema. "Tukikimbia tunawakuta."

Mguu mmoja wa Rula ulikuwa umeshavuka kizingiti. Hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka kuuvusha na wa pili. Aliuona mto wote. Nyuma yake kulikuwa kimya, kimya cha mtu anayejizuia hata kupumua asije akamchelewesha.

"Siji," Rula alisema.

"Nini?"

"Si safari hii. Mpe mtu mwingine hiyo nafasi."

Uso wa Mshale ulifungwa taratibu, kama dirisha. "Kwa hiyo hilo ndilo jibu."

"Mshale—"

"Hapana, nimeelewa. Mlango uko wazi, ufunguo unao mkononi, ruhusa umepewa, na bado unakaa. Mimi ndiye niliyekuwa nadhani." Akageuka, mkoba ukamgonga ubavuni.

"Umepata hasi," Rula alimwambia mgongoni, "sasa unataka kufuta mchoro mzima!"

Alisimama.

"Nani alinifundisha mimi? Si wewe, kwenye meza hii hii? Nimesema siji darajani. Sikusema kingine. Nikiondoka, nguo hizi zitashonwa na nani? Na huyu atavukaje barabara? Jumanne, mtihani ukiwa umeisha, nampeleka kwa daktari wa macho."

"Sijaomba daktari," shangazi alisema kule ndani.

"Hujaombwa, shangazi. Unapelekwa."

"Msikilizeni! Injinia hajapata hata cheti."

"Daraja lile halitaisha mwaka huu," Rula aliendelea, sauti inakwama. "Nitafika. Labda mwakani. Ukiweza kungoja, ngoja. Ukishindwa, sitakulaumu, lakini usiseme sikukujibu."

Mshale hakugeuka. Mwendesha baiskeli alipita, akawapigia kengele bure. Ofisi zilikuwa zikikaribia kufungwa na kila mmoja alijua.

"Yule mama aliuliza swali," shangazi alisema. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, mikono magotini, mguu uko mbali na pedali. "Aliuliza, na wewe ni nani humu ndani. Hakujibiwa. Nami ningependa kusikia."

Chumba kilikuwa kimya kabisa. Hakukuwa na kelele ya kujificha. Rula alijikuta hana hata kamba ya kushika, isipokuwa ile nguo nyeupe isiyo na uzi, ambayo alikuwa bado ameikumbatia.

"Ni ninayempenda," alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuombea chumvi. Mtu aliyekuwa akipita barabarani aligeuza shingo. "Nampenda, shangazi. Si mwalimu wangu tu. Nilikuwa nikikudanganya na boriti."

Mshale aligeuka. Alimtazama Rula kwa muda mrefu, yeye na machozi yake na harusi ya mtu mikononi mwake, akaonekana kama anapiga hesabu upya, kiungo kwa kiungo, kuona kama inakaa. Hakutabasamu. Jumapili angepanda basi, na kule darajani ile nafasi ya pili ingechukuliwa na mtu mwingine, na hilo lilikuwa limeandikwa usoni mwake wazi. Lakini alirudi ngazi moja. Akarudi na ya pili. Akasimama kizingitini, akavua kofia.

"Jumamosi mama yangu yupo," alisema, si kwa Rula. "Na mjomba. Wangependa kufika kukusalimu kabla sijasafiri. Tuje saa ngapi, mama fundi?"

Shangazi alielekeza uso kule sauti ilikotoka, akakitazama kile kivuli kilichosimama mlangoni mwake, kivuli kirefu, chembamba, kilichovua kofia.

"Shangazi," alimsahihisha. "Njooni mchana, jua likiwa kali. Nataka kumwona kidogo huyo mama yako."

Rula akaja akapiga magoti kando ya cherehani. Aliulamba uzi, akaunyoosha kwa vidole, akaupitisha kwenye tundu la sindano. Uliingia mara moja. Mlango nyuma yao uliachwa wazi, na vumbi la barabara likaanza kutua juu ya nguo za harusi za watu, na hakuna aliyeinuka kuufunga.

"Tayari, shangazi."

Shangazi aliweka mguu kwenye pedali.

"Haya, semeni yenu," alisema. "Lakini semeni kwa nguvu, maana kelele hii sasa ni ya kazi."